Maji Nyumbani: Tujifunze kwa Wenzetu wa Kilosa na Mikumi

Wanachama wetu wamezoea kusoma katika kurasa hizi habari za kupalilia mikarafuu, za kuchuma bila ya kuvunja matawi, na za kuanika. Leo twaomba ruhusa kutoka shambani na kuingia nyumbani. Sababu yake ni hii. Mtu aweza kupalilia vizuri, akachuma kwa wakati wake, akachambua, akaanika juani siku nne au tano mpaka karafuu zikakauka barabara, kisha akazitia katika magunia na kuyaweka chumbani akingojea siku ya kuzipeleka kituoni. Usiku mmoja mvua ikapenya penye bati lililotoboka, au unyevu ukapanda kutoka sakafuni, na kazi ya msimu mzima ikaharibika mahali ambapo mwenyewe alidhani ndipo penye salama.

Kila mwanachama ajua kwamba kilo tatu hivi za karafuu mbichi hutoa kilo moja tu ya karafuu kavu. Basi gunia moja likirowa, iliyopotea si gunia moja, bali ni kazi ya magunia matatu. Wala si karafuu peke yake. Ndani ya chumba hichohicho mna chakula, nguo, madaftari ya watoto, hati za shamba, na zaidi ya yote, wamo watu wamelala.

Ili tueleze jambo hili vizuri tumeona yafaa tutazame ng'ambo, katika Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro. Wenzetu wa huko wameyajua maji kwa namna ambayo sisi hatutaki kuijua, na aliyeumwa hufundisha vizuri kuliko aliyesikia.

YALIYOTOKEA KILOSA

Mji wa Kilosa umekaa chini ya milima, na mto Mkondoa wapita kando yake. Mto huu hauanzi hapo. Maji yake mengi hutoka mbali, upande wa Dodoma, ambako mto huitwa Kinyasungwe. Hushuka kwa kasi katika bonde jembamba lililo baina ya milima, bonde lile lile linalopitiwa na reli ya kati, mpaka hufika Kilosa ambako nchi huanza kuwa tambarare. Huko mbele maji hayo huungana na ya mto Mkata na kuwa mto Wami, nao humwagika baharini karibu na Saadani, mkabala na Unguja. Kwa hiyo maji yanayopita Kilosa huishia katika bahari hii hii inayotuzunguka sisi.

Mwisho wa mwezi wa Desemba 2009 na mwanzo wa Januari 2010 mvua kubwa ilinyesha huko juu. Mto ukajaa, na tuta lililojengwa tangu zamani kuuzuia usiingie mjini likabomoka. Maji yakaingia katika nyumba za watu. Maelfu ya watu wakaachwa bila ya makao, wakahamishiwa kambini, na baadhi yao wakakaa katika mahema kwa muda mrefu. Reli nayo ikakatika katika bonde lile, na treni za kwenda Dodoma na Kigoma zikasimama kwa miezi.

Mambo matatu yafaa tuyaangalie katika habari hiyo.

La kwanza, mafuriko hayahitaji mvua inyeshe juu ya kichwa chako. Mtu wa Kilosa aweza kulala hali mbingu ni nyeupe, na maji ya Dodoma yakamjia alfajiri. Sisi visiwani mito yetu ni mifupi, lakini mabonde yetu ni mengi. Aliyejenga bondeni hupokea maji ya kila aliyejenga mlimani.

La pili, tuta lilikuwapo. Waliolijenga walifanya kazi yao. Lakini mto kama Mkondoa huleta mchanga mwingi, na mchanga ukijaa chini, maji hupanda juu. Tuta lisilotazamwa kila mwaka, likikanyagwa na ng'ombe, likilimwa ubavuni na kutobolewa na wanyama na mizizi, hubaki tuta kwa jina tu. Ndivyo ulivyo mfereji wa nyumba, na ndivyo lilivyo paa. Kitu kinachokumbukwa siku ya mvua peke yake hakitakufaa siku ya mvua.

La tatu, nyumba za udongo na za matofali mabichi ndizo zinazoanguka kwanza. Udongo mkavu una nguvu ya kubeba paa kwa miaka mingi. Udongo huo huo ukilowana chini, hauna nguvu ya kubeba hata uzito wake wenyewe. Nyumba haibomolewi na maji ya kimo cha dari. Maji ya kimo cha goti yakikaa usiku mmoja yatosha.

Mtu asidhani kuwa hayo yalikuwa ya mwaka mmoja tu. Katika mvua za baina ya Oktoba 2023 na Aprili 2024 Mkoa wa Morogoro ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyopatwa. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliarifu Bunge kuwa watu 155 walikuwa wamekwisha kufa nchini kwa mafuriko na maporomoko. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Mei, Kimbunga Hidaya kikaja pwani yetu. Na wazee wetu walitusimulia kimbunga cha Aprili 1872, kilichoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, hata Pemba ikawa ndiyo mama wa karafuu mpaka leo. Basi hatari ya maji na upepo si hadithi ya bara.

FUNZO LA MIKUMI

Mikumi ni mji katika wilaya hiyo hiyo ya Kilosa, kwenye barabara kuu iendayo Iringa, kando ya Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Karibu yake kuna uwanda wa Mkata, na katika uwanda huo kuna udongo mweusi wa mbuga. Udongo huu una tabia ya ajabu. Ukipata maji huvimba. Ukikauka hunywea na kupasuka, hata mtu aweza kutia mkono katika nyufa zake.

Mwenye kujenga juu ya udongo wa namna hiyo huona nyumba yake ikipasuka pembeni mwa milango na madirisha, akadhani fundi alimwibia saruji. Pengine fundi hana kosa. Nyumba inanyanyuliwa wakati wa masika na kushushwa wakati wa kiangazi, kila mwaka, na hakuna ukuta unaovumilia mchezo huo. Katika mabonde yetu ya mpunga tunao udongo wa kinamo wenye tabia kama hiyo. Shauri letu kwa mwanachama anayetafuta kiwanja ni hili: udongo unaopendwa na mpunga usiupe nyumba. Na ikiwa umekwisha kujenga hapo, jitahidi maji yasisimame karibu na msingi, wala usipande miti mikubwa karibu na ukuta, kwa kuwa mizizi hunyonya maji upande mmoja na kuuacha upande wa pili.

NJIA NNE ZA MAJI

Maji huingia nyumbani kwa njia nne, na kila moja ina dawa yake.

Njia ya kwanza ni juu, kwa paa. Paa la bati huvuja kwenye tundu za misumari, kwenye maungio, na mahali palipokula kutu. Paa la makuti huvuja likiwa limelazwa mno, au makuti yamechakaa.

Njia ya pili ni ubavuni. Maji yanayodondoka kutoka paani hupiga chini, yakaruka na matope yake, yakaula ukuta kidogo kidogo. Ukiona chini ya kiambaza pamelika na fito zimejitokeza, jua kuwa ni kazi ya matone, si ya mchwa peke yao.

Njia ya tatu ni chini. Maji hupanda ukutani kama mafuta yapandavyo katika utambi wa kandili. Utaona alama ya unyevu ikipanda futi mbili au tatu, chokaa ikibambuka, na unga mweupe wa chumvi ukitoka. Njia hii haina kelele, na kwa sababu hiyo ndiyo inayoharibu magunia mengi kuliko zote.

Njia ya nne ni mlangoni, nayo ni mafuriko.

Ili mwanachama ajue ukubwa wa jambo, na tufanye hesabu kidogo. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Nyumba yenye paa la mita 8 kwa mita 9 ina mita za mraba 72. Mvua ya milimita 40, ambayo wakati wa masika si ajabu kupatikana kwa siku moja, huleta juu ya paa hilo lita 2,880, yaani madebe 144 ya lita 20. Madebe yote hayo yamwagika chini ya kuta zako. Swali ni moja tu: yanakwenda wapi?

KAZI ZA KABLA YA MVUA

Mwezi mmoja kabla ya masika, na mwezi mmoja kabla ya vuli, kila mwanachama aizunguke nyumba yake na kuitazama kama anayetaka kuinunua.

Ingia ndani mchana, funga madirisha, tazama juu. Kila unapoona nuru, maji nayo yatapaona. Msumari uliolegea ugongwe upya pamoja na kipande chake cha mpira. Tundu dogo lizibwe kwa lami. Bati lililooza libadilishwe, maana kiraka juu ya kutu ni kujidanganya. Makuti yaliyochakaa yapachikwe mapya kabla ya mvua, wala usingoje bei ipande wakati kila mtu anayatafuta.

Paa litokeze mbele ya ukuta futi mbili, na kwa nyumba ya udongo futi tatu ni bora. Upenu mpana ni kinga ya ukuta kama kofia ilivyo kinga ya uso.

Ardhi iliyoizunguka nyumba iteremke kutoka ukutani kwenda nje, kila futi moja iteremke kiasi cha nusu inchi au zaidi. Chini ya mdondoko wa paa chimba mchirizi, utie kokoto au mawe madogo ili matone yasiruke. Maji ya mchirizi yaongozwe mpaka mahali yatakapoondoka kabisa, yasiishie ukutani mwa jirani. Mwenye nafasi aweke mifereji ya bati chini ya paa na pipa la kukingia. Atapata maji ya kufulia, na ukuta wake utapona. Pipa lifunikwe lisizae mbu.

Anayejenga nyumba mpya aunyanyue msingi wa mawe juu ya ardhi, si chini ya futi moja na nusu, na atandike nailoni nzito juu ya msingi kabla ya kuanza ukuta. Nailoni hiyo ni gharama ndogo, nayo huukata utambi tulioutaja. Kilosa na kwetu ni sawa: matofali mabichi yasiguse ardhi kamwe. Safu za chini ziwe za mawe au za matofali yaliyochomwa, na udongo uanze juu yake.

Tena kuna kosa moja ambalo hufanywa kwa nia njema. Mtu huona ukuta wake wa udongo, au wa mawe na chokaa, umelowana, akaupiga lipu nzito ya saruji. Kwa mwaka mmoja hupendeza. Lakini maji yaliyomo ndani hayapati njia ya kutoka, hupanda juu zaidi, na siku moja lipu huanguka pamoja na nusu ya ukuta. Ukuta wa namna hiyo wataka lipu ya chokaa, ambayo huuacha upumue. Kwanza ondoa chanzo cha maji, kisha ndipo upambe. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza kuwa ufa uzibwe kwa kitu kilichoupasa.

MAHALI PA KUWEKA KARAFUU

Njia iliyo salama kabisa ni kutoziweka nyumbani muda mrefu. Twajua kwamba wengi wetu huzifanya karafuu kuwa benki, akauza kidogo kidogo kwa haja za ada za skuli au za arusi. Hatumlaumu mtu kwa hilo. Lakini benki yenye paa linalovuja si benki.

Ikiwa zitakaa nyumbani, magunia yawekwe juu ya uchaga wa mbao ulioinuka futi moja au zaidi kutoka sakafuni, na yawe mbali na ukuta kiasi cha kupitisha mkono, ili hewa ipite. Yasiwekwe chini ya maungio ya paa. Yafunguliwe kila wiki wakati wa mvua, mtu atie mkono mpaka ndani. Karafuu zikiwa na joto au zikitoa harufu ya uvundo, jua limepungua zitolewe hata hivyo, zitandazwe juu ya majamvi barazani, na zianikwe mara jua litokapo.

Zilizokwisha kurowa zitengwe. Twasema hili kwa uwazi, ingawa haliwafurahishi wote. Mwenye magunia kumi, moja likaingia maji, hujaribiwa na nafsi yake kulichanganya na tisa mazuri ili lisionekane. Atapata nini? Unyevu wa hilo moja utayaharibu yale tisa, kuvu itatembea, na kituoni yote kumi yatashushwa daraja. Na ikiwa zitapita bila ya kuonekana, mnunuzi wa ng'ambo atakapofungua shehena hatalijua jina la mtu mmoja. Ataijua karafuu ya Zanzibar. Jina hilo ni mali yetu sote.

SIKU YA MAJI YENYEWE

Sikilizeni taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, na mkiambiwa hama, hameni mchana, msingoje usiku. Hati za shamba, vyeti na vitambulisho viwekwe tangu mapema katika mfuko wa nailoni uliofungwa, mahali ambapo kila mkubwa wa nyumba apajua.

Maji yakianza kuingia, zima umeme kwenye swichi kuu, ikiwa waweza kuifikia bila ya kukanyaga maji. Kama umekwisha kusimama katika maji, usiiguse. Watoto, wazee na wagonjwa watangulie. Msivuke maji yaendayo kwa kasi: maji ya inchi 6 tu yaweza kumwangusha mtu mzima, na ya futi 2 huchukua gari.

Wala mtu asirudi kufuata gunia. Twajua uchungu wake. Lakini gunia lina bei, nasi twaijua. Mtu hana bei.

BAADA YA MAJI

Nyumba nyingi za udongo huanguka maji yakiwa yamekwisha kuondoka, wakati watu wanarudi kwa furaha. Basi kwanza izunguke kwa nje. Ukiona ukuta umetokeza tumbo, au nyufa mpya pembeni, usilale humo mpaka fundi autazame. Ingia kwa fimbo, kwa kuwa nyoka nao walikimbia maji na huenda wamepata hifadhi katika vitanda vyako. Umeme usiwashwe mpaka fundi wake akague nyaya na soketi zilizoingia maji.

Ondoa matope yakiwa bado mabichi. Yakikauka huwa kama jiwe. Osha kuta na sakafu kwa maji safi na sabuni, kisha kwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake, na usiichanganye na dawa nyingine yoyote. Fungua milango na madirisha yote. Magodoro yaliyorowa maji ya mafuriko ni bora yatupwe. Vitanda vya kamba na vya mbao huoshwa na kuanikwa kivulini visipinde. Usipake chokaa wala rangi mpaka ukuta umekauka kabisa, na kazi hiyo huchukua wiki nyingi.

Maji ya mafuriko yamepita vyooni, na kisima kilichoingiwa nayo ni kisima cha maradhi. Kipelekeni habari kwa sheha na kwa watu wa afya kitiwe dawa, na maji ya kunywa yachemshwe. Unga, mchele na mahindi yaliyorowa yasiliwe, hata yakianikwa yakapendeza. Mahindi yenye kuvu huwa na sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa; mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu huko Dodoma na Manyara.

JAMBO LA JIRANI

Tumeanza na Kilosa na tumalize nayo. Mtu wa Kilosa hawezi peke yake kuuzuia mto Mkondoa. Akinyanyua msingi wake, amefanya vizuri. Lakini wa milimani wakikata miti, na tuta likiachwa, maji yatamfuata. Kwetu ni vivyo hivyo. Mfereji uliozibwa na takataka na mmoja huingiza maji katika nyumba kumi. Mikarafuu iliyokatwa mlimani ili kupata kuni ilikuwa inashika udongo ambao leo unajaa katika bonde la mwenzio.

Kwa hiyo twaomba kila tawi la Chama lichague siku moja kabla ya masika, wanachama watoke na majembe, wazibue mifereji na mabonde ya mtaa wao kutoka juu mpaka chini. Na mvua ya kwanza ikinyesha, kila mmoja wetu achukue mwavuli, atoke nje, aizunguke nyumba yake polepole na kutazama maji yanakwenda wapi. Ni robo saa tu ya kurowa miguu. Siku hiyo nyumba itamwambia mwenyewe kila kitu.